Konsoli ya mkononi: kila jembe na shamba lake

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye konsoli za mkononi msemo huo tuuweke kando, maana majembe yenyewe hayalimi shamba moja. Mwenye Switch 2 ya Nintendo hawezi kufungua gemu alizonunua Steam, duka la gemu za kompyuta. Mwenye Steam Deck, mashine ya wenye duka hilo, hatamkuta Mario wa Nintendo kwenye duka lake hata angoje miaka kumi. Na aliyenunua PlayStation Portal bila kuwa na PS5, konsoli ya Sony ya kwenye TV, wala usajili wa juu wa PlayStation Plus, amenunua skrini nzuri ya inchi 8 isiyo na cha kuonyesha. Wengi hugundua hayo boksi likiwa limeshachanwa.

Kwa hiyo prosesa, yaani ubongo wa mashine, tutaifikia baadaye, tena kwa kupita tu. Kwanza vigezo vinne, ambavyo nitavitumia kwa kila mashine.

## Vigezo

Gemu zake. Hiki ndicho kikubwa, na vingine vinakifuata kwa mbali. Konsoli ni mlango wa duka. Ukishaingia, kila gemu unayonunua inakufunga zaidi humo, kwa hiyo angalia umeshanunua wapi na wenzako unaotaka kucheza nao wako wapi. Andika gemu tano unazotaka kucheza mwaka huu, majina kamili, siyo "za mpira" au "za vita". Karatasi hiyo itamaliza nusu ya ubishi kabla hujasoma takwimu hata moja.

Betri na uzito. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, yenye skrini ya kijani iliyofifia na isiyo na taa. Mwaka uliofuata Sega ikaleta Game Gear, ina rangi, inawaka. Ukiziweka mbili hizo mezani, ya pili ndiyo iliyovuta macho. Lakini Game Gear ilikula betri sita za AA kwa saa tatu hadi tano, wakati Game Boy ilipita saa kumi kwa betri nne. Aliyeuza zaidi, tena kwa mbali, ni Nintendo.

Hesabu ya leo ni ileile. Betri hupimwa kwa wati-saa. Gawa namba hiyo kwa wati zinazoliwa, unapata saa. Betri ya wati-saa 50 kwenye gemu ndogo inayokula wati 10 inakaa saa tano. Kwenye gemu nzito inayovuta wati 25, ni saa mbili, na chaja uwe nayo karibu. Ndiyo maana makadirio ya watengenezaji huwa mapana kama bahari.

Uzito nao una kipimo chake, nacho ni cha kitandani. Lala chali, inua kitu cha gramu 650 juu ya uso, ukishike hivyo dakika ishirini. Vidole viwili vya mwisho ndivyo vinavyobeba mzigo wote, na vikianza kufa ganzi mashine huteleza taratibu hadi itue puani. Nasema hivi nikiwa miongoni mwa walioangukiwa.

Usumbufu. Kutoka kuishika mpaka kuwa ndani ya gemu ni muda gani? Anayecheza saa tatu Jumamosi hatajali dakika nne za kusasisha. Anayecheza dakika kumi na tano kati ya shughuli na shughuli, dakika nne hizo ni zaidi ya robo ya starehe yake. Hapa kitufe cha kulaza mashine kina thamani kuliko prosesa: ubonyeze katikati ya pigano, uiweke begani, uiamshe baadaye adui akiwa bado ameinua upanga palepale.

Uzee. Vijiti, vile vya kusukuma kwa kidole gumba, huchakaa. Niliwahi kuwa na pedi ambayo shujaa wangu alianza kutembea kwenda kushoto peke yake, polepole, kidole changu kikiwa hewani. Nikadhani ni gemu. Kumbe ni kijiti. Vijiti vingi hupima mwendo kwa vipande vinavyosuguana, na kinachosuguana huisha. Vile vya sumaku havisuguani, hivyo tatizo hilo huvipata mara chache zaidi. Uliza pia kama betri na vijiti vinabadilishika bila kuivunjavunja mashine.

## Nintendo Switch 2, na ndugu zake wakubwa

Ilitoka tarehe 5 Juni 2025. Skrini ni inchi 7.9 yenye ubora wa 1080p, hifadhi ya GB 256, na ukiichomeka kwenye kituo chake inatoa picha hadi ya 4K kwenye TV.

Gemu zake. Gemu kuu za Mario, Zelda, Pokémon na wenzao hazipatikani kihalali kwingine, basi. Kama majina matatu kati ya yale matano ni ya Nintendo, unaweza kuacha kusoma hapa. Gemu nyingi za Switch ya kwanza zinacheza humu pia, kwa hiyo hauanzi na kabati tupu. Ubaya ni kwamba gemu za Nintendo wenyewe hushuka bei mara chache na kwa kiasi kidogo, na kucheza mtandaoni nyingi kati yake kunadai usajili.

Faraja iko kwenye kadi. Gemu ya kadi unaweza kumwazima rafiki, kuiuza, au kununua iliyotumika, jambo ambalo Steam haina. Ila soma boksi kwa makini, maana baadhi ya kadi za Switch 2 ni ufunguo tu: gemu yenyewe haimo ndani, lazima uipakue, na kadi ibaki imechomekwa kila unapocheza. Anayekusanya kadi ili azicheze miaka ishirini ijayo ana haki ya kununa.

Betri na uzito. Takriban gramu 534 pamoja na pedi zake. Nintendo wenyewe wanasema saa 2 hadi 6.5, na gemu kubwa hukaa upande wa ile 2. Hapa Switch 2 ni dhaifu kuliko Switch OLED ya 2021 (OLED ni aina ya skrini), ambayo imekadiriwa saa 4.5 hadi 9.

Usumbufu. Karibu hakuna. Unaiamsha, unacheza. Halafu kuna jambo ambalo mashine nyingine zote hapa hazilifanyi kwa wepesi huu: unachomoa pedi mbili za pembeni, unampa mwenzako moja, mnasimamisha skrini mezani na mnacheza wawili. Watoto hawahitaji kufundishwa hata mara moja.

Uzee. Kadi ya kumbukumbu lazima iwe microSD Express. Zile za kawaida ulizonazo droo­ni haziwezi kubeba gemu za mashine hii. Vijiti vyake si vya sumaku.

Na hawa ndugu wakubwa wasisahaulike. Switch Lite ya 2019 ina gramu 275 tu na ndiyo iliyo rahisi kuliko wote kuibeba mfukoni mwa koti, lakini pedi zake hazichomoki na haiunganiki na TV kabisa. Kwa mtu anayetaka maktaba ya zamani ya Switch, ambayo ni kubwa mno, Lite au OLED bado ni mashine halali. Gemu mpya tu ndizo zitakazozidi kuwapita.

Inamfaa mwenye kucheza na watu walio chumba kimoja, mwenye watoto, na asiyetaka kusikia habari za mipangilio.

## Steam Deck

Valve waliitoa Februari 2022, kisha Novemba 2023 ikaja ile ya OLED, ambayo ndiyo ninayoizungumzia: inchi 7.4, pikseli 1280 kwa 800, kasi ya picha hadi 90 kwa sekunde.

Gemu zake. Kama una kompyuta na umekuwa ukinunua Steam kwa miaka, gemu zako zimeshakungoja humu bila kulipia mara ya pili. Punguzo za Steam ni za kweli na za mara kwa mara. Gemu ndogo za watengenezaji huru, zile za saa sita zinazokaa moyoni, zimejaa kuliko kokote. Kucheza mtandaoni hakulipiwi usajili.

Sasa pa kuangalia. Deck haiendeshi Windows. Inaendesha SteamOS, ambayo ni aina ya Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na programu iitwayo Proton inatafsiri gemu za Windows papo kwa papo. Inafanya kazi hiyo vizuri kuliko tulivyotarajia. Lakini gemu za ushindani zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu hukataa tafsiri hiyo: Fortnite haifunguki, Valorant haifunguki, Call of Duty mpya hazifunguki. Kama wenzako wote wako huko, Deck itakuacha peke yako. Kila gemu kwenye duka la Steam ina alama ya kuonyesha kama imehakikiwa kwa Deck, inachezeka kwa kuchezeacheza mipangilio, haikubali, au bado haijapimwa; pitisha gemu zako tano hapo kabla ya kutoa hela.

Betri na uzito. Gramu 640, betri ya wati-saa 50, saa 3 hadi 12 kwa makadirio ya Valve. Ni kubwa. Si ya mfukoni, ni ya begi. Lakini mishikio yake imejaa kiganja vizuri, kiasi kwamba uzito huo mikononi unahisika mdogo kuliko kwenye mizani.

Usumbufu. Kulaza na kuamsha ni kwa haraka, hata gemu ya kompyuta ambayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo hurudi pale ulipoiacha. Usumbufu unaanza pale unapotaka kisicho cha Steam: duka la Epic, gemu za zamani, programu za pembeni. Yote yanawezekana kupitia upande wa kompyuta wa mashine, na kuna watu ambao hiyo ndiyo raha yenyewe. Jiulize kwa ukweli kama wewe ni mmoja wao.

Uzee. Hapa Deck inanyoosha kifua. Vipuri rasmi huuzwa kupitia iFixit, kampuni ya vipuri na ukarabati, pamoja na maelekezo, na hifadhi inabadilishika kwa bisibisi na subira. Nguvu yake, hata hivyo, inaanza kuonekana ya juzi: gemu kubwa mpya hucheza kwa kupunguza ubora wa picha, na nyingine zinagoma hata baada ya hapo.

Inamfaa mwenye maktaba ya Steam, mpenda gemu ndogo na za miaka iliyopita, na mtu asiyeogopa kufungua kitu ili ajue kilivyo ndani.

## Mashine za Windows: ROG Xbox Ally na wenzake

Kundi hili ni pana. ROG Xbox Ally na Ally X, kazi ya ASUS na Microsoft, zilitoka tarehe 16 Oktoba 2025. Lenovo wana familia ya Legion Go. Kiini ni kimoja: kompyuta ya Windows iliyovishwa vijiti.

Nianze kwa kuondoa utata, kwa sababu jina linapotosha. Neno Xbox juu ya boksi halimaanishi kwamba gemu zote ulizonunua kwa ajili ya konsoli ya Xbox zitacheza humu. Diski hazina pa kuingia. Zinazokuja bila kulipia tena ni zile tu zenye alama ya Xbox Play Anywhere. Nyingine utazipata kwa kutiririsha kupitia intaneti.

Gemu zake. Kila kitu cha kompyuta: maduka ya Steam, Epic na GOG, na Game Pass, usajili wa gemu wa Microsoft, ambao Deck inaupata kwa kutiririsha tu. Fortnite inafunguka. Kwa upana wa maktaba hakuna inayoigusa, ingawa gemu za Nintendo hazimo.

Betri na uzito. Ally X ina wati-saa 80 na gramu 715. Ally ya kawaida wati-saa 60 na gramu 670. Namba ya 80 inapendeza, lakini kumbuka ile hesabu: chipu hizi zinaweza kuachiwa zitumie wati nyingi kuliko Deck, na ukiziachia, zitazila. Anayesafiri kwa ndege asiwe na wasiwasi, kwa sababu kikomo cha kawaida cha betri za kubeba ndani ni wati-saa 100. Legion Go ya kwanza, yenye skrini ya inchi 8.8, inafika gramu 854. Hiyo usilale nayo chali.

Usumbufu. Windows haikuzaliwa kwa ajili ya vidole gumba. Microsoft wameweka sura ya skrini nzima inayoficha sura ya kawaida ya Windows na kuanza moja kwa moja kwenye gemu, na imesaidia. Hata hivyo, siku moja nilichukua mashine ya aina hii (siitaji jina) nikiwa na dakika ishirini. Niliiamsha, ikataka kusasisha. Ikamaliza, kisha programu ya duka nayo ikataka kusasisha. Kisha kikajitokeza kidirisha kidogo chenye kitufe cha "sawa" kilichofichwa nyuma ya kibodi ya skrini. Muda wangu ukaishia hapo, gemu sijaiona.

Uzee. Nguvu ya ziada inazipa miaka zaidi mbele ya gemu mpya, hasa zile zenye chipu za juu na kumbukumbu ya GB 24. Kuna pia njia ya katikati: Legion Go S inauzwa pia ikiwa na SteamOS tangu Mei 2025, yaani mwili wa kundi hili na roho ya Deck. Unarudi basi kwenye vikwazo vya Linux, lakini unaepuka vidirisha.

Inamfaa mwenye Game Pass, mchezaji wa gemu za ushindani zinazokataa Linux, na mtu atakayeichomeka kwenye skrini kubwa na kibodi iwe kompyuta yake kabisa.

## PlayStation Portal

Nitakuwa mfupi. Portal, iliyotoka Novemba 2023, haichezi gemu yoyote yenyewe. Ni pedi ya PS5 iliyokatwa katikati ikawekewa skrini ya 1080p, inayopokea picha kutoka PS5 yako kwa Wi-Fi. Siku hizi mwenye usajili wa PlayStation Plus Premium anaweza kutiririsha moja kwa moja kutoka seva za Sony, katika nchi ambazo huduma hiyo ipo.

Gemu zake ni zile za PS5, na mguso wa pedi ni uleule, mtetemo na vifyatulio vinavyokaza. Betri haihangaiki sana kwa kuwa kazi nzito inafanyika kwingine. Usumbufu wote uko kwenye mtandao: Sony wanataka angalau megabiti 5 kwa sekunde na wanapendekeza 15, lakini kwa uzoefu wangu utulivu wa mtandao una maana kuliko kasi yake. Wi-Fi inayopepesuka itakugeuzia beki kuwa kivuli cha mraba-mraba sekunde ileile mshambuliaji anapopiga. Haina Bluetooth ya vipokea sauti; tumia vya waya au vya mfumo wao. Uzee wake unategemea Sony: siku huduma ikifungwa, hakuna gemu iliyobaki ndani.

Inamfaa mwenye PS5 ambaye TV ya nyumbani ina wenyewe wengi. Huyo ataipenda kupita kiasi.

## Vidude vya gemu za zamani

Miyoo Mini Plus, Anbernic RG35XX na jamaa zao wengi. Skrini ya inchi 3.5, pikseli 640 kwa 480, vikubwa kidogo kuliko pakiti ya karata. Vinaigiza mashine za zamani: Game Boy, Super Nintendo, PlayStation ya kwanza.

Gemu ndipo penye mtego. Vingi huuzwa na kadi iliyojazwa maelfu ya gemu ambazo muuzaji hana haki nazo. Njia safi ni kunakili kaseti zako mwenyewe pale sheria inaporuhusu, au kucheza gemu mpya ambazo watu bado wanaziandikia mashine hizo za kale, na ni nyingi kuliko unavyodhani. Mwenye kaseti halisi za Game Boy aitazame Analogue Pocket, inayozisoma kama zilivyo.

Betri ni masaa, uzito hausikiki. Usumbufu ni wa siku ya kwanza: kadi ya kumbukumbu inayokuja nayo mara nyingi ni hafifu, ibadilishe kabla haijafa na maendeleo yako. Baada ya hapo kinakaa mfukoni na kuamka kwa kubonyeza mara moja.

Kinamfaa mwenye kumbukumbu za utotoni, na mwenye dakika kumi tu kwa siku.

## Basi uchukue ipi?

Unamnunulia mtoto wa miaka minane: ukoo wa Switch, na kama ni mtoto wa kuangusha vitu, Lite isiyo na vipande vya kuchomoka. Lakini kama kuna mwingine atakayetaka kucheza naye, Lite itawaletea ugomvi. Chukua ile ya pedi mbili.

Una gemu mia mbili Steam, nusu hujawahi kuzifungua: Deck. Utazimaliza ndani yake zile ambazo kwenye kompyuta zilikushinda, kwa sababu tu hazikudai ukae mezani.

Wenzako wanakutana kila jioni kwenye gemu moja ya ushindani: kwanza jua gemu hiyo inakubali wapi. Ikikataa Linux, jibu ni Windows, na dakika za kusasisha uzihesabu kuwa kodi.

Unasafiri sana, mtandao hauaminiki: iondoe Portal kabisa. Kwa mashine yoyote nyingine, jaribu nyumbani kwanza kwa kuzima Wi-Fi na kufungua kila gemu, maana kuna zinazotaka kuthibitishwa mtandaoni, na mahali pabaya pa kujua hilo ni juu ya mawingu.

PS5 unayo, Wi-Fi ya nyumbani imetulia, na hutoki nayo nje: Portal.

Umekwama kati ya Switch 2 na Deck, kama wengi wanaoniuliza: rudi kwenye ile karatasi ya gemu tano. Zikigawanyika mbili kwa tatu, tazama ni zipi utacheza na watu na zipi peke yako. Za na watu zikiwa nyingi, Switch 2. Za peke yako, Deck.

Na kama karatasi hiyo bado ni tupu, usinunue chochote mwezi huu. Bana pedi ya bei nafuu kwenye simu uliyonayo, cheza wiki mbili, uone kama mkono unaitafuta kila jioni au unaishia kwenye droo pamoja na chaja za zamani.